Bibi Aliyemrudisha Simba Mwituni

Mtu akiniuliza mnyama yu heri wapi, kifungoni au mwituni, mimi humtajia marehemu Bibi Joy Adamson.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungary, ambao leo huitwa Opava, nchini Czech. Akaja Kenya mwaka 1937. Aliolewa mara tatu. Mume wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyempa jina la Joy. Wa tatu, aliyemwoa mwaka 1944, ni George Adamson, Bwana Nyama wa wilaya za kaskazini. Kabla ya habari za simba, bibi huyu alikuwa mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, na picha zile naona hazijasifiwa inavyostahili.

Februari 1956 George alikwenda kumsaka simba mla watu, mara akashambuliwa na simba jike, naye akampiga risasi. Kumbe mama yule alikuwa akiwalinda wanawe watatu waliofichwa katika ufa wa mwamba. Watoto wakaletwa nyumbani, wakalelewa kwa maziwa. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Basi tazama, ndugu wa tumbo moja wamegawanywa. Wale wa Rotterdam walikuwa na hakika ya nyama, na mwindaji hawamjui. Elsa alizunguka na walezi wake, hata akafikishwa huku kwetu pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia, akaogelea baharini. Alipokua, njia zilikuwa mbili: awafuate nduguze Ulaya, au afunzwe kuwinda. Bibi Joy akachagua ya pili, nayo haikuwa nyepesi. Jaribio la kwanza lilishindwa, Elsa akaugua. Wakamhamishia upande wa Meru, kando ya mto Ura, wakawa wakimwacha siku kadhaa bila chakula ili njaa imfundishe. Hatimaye akajua kuua windo mwenyewe, akapata dume, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu.

Kitabu cha habari hizi, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake mwaka 1966. Wengi waliifurahia filamu ile wasijue yaliyofuata. Elsa alikufa Januari 1961 kwa maradhi yaletwayo na kupe, naye ana miaka mitano tu. Wanawe, walipokosa mama, waliwavamia mifugo wa wenyeji, wakakamatwa na kuhamishiwa Serengeti. Mwenye mbuzi wake, yeye hatajwi sana katika sifa za uhuru wa simba.

Kwa hesabu ya miaka, basi, kizimba huenda kikashinda, maana simba afugwaye aweza kupita miaka kumi na mitano. Lakini sisi tunaijua hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki yake ardhini. Mwenye bustani alishaye vizuri ameliepuka kosa hilo. Na afunguaye mlango kwa mnyama asiyejua kuwinda, je, ameliepuka? Bibi Joy alilifahamu jambo hili, ndiyo maana alikaa porini miezi na miezi akimfunza Elsa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko vitabu.

Waigizaji wa filamu ile, Virginia McKenna na Bill Travers, nao hawakutulia. Tembo mdogo Pole Pole, aliyetolewa na Kenya kuwa zawadi kwa bustani ya London, alipokufa huko mwaka 1983, walianza mwaka uliofuata kupigania wanyama walio vizimbani.

Bibi Joy hakuyaona hayo. Baada ya Elsa alimlea duma, Pippa, kisha chui, Penny, katika hifadhi ya Shaba. Huko ndiko alikouawa tarehe 3 Januari 1980. Kwanza ilivuma kwamba ni simba. Baadaye ikabainika kuwa ni mkono wa binadamu, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa kwa mauaji hayo. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakapelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa.