Ali Farka Touré: Mkulima wa Niafunké Aliyeipeleka Mali Duniani

Ali Farka Touré, mpiga gitaa aliyeutangaza muziki wa kaskazini mwa Mali duniani kote, alizaliwa mwaka 1939 katika kijiji cha Kanau, kando ya Mto Niger. Alikuwa mtoto wa kumi wa mama yake na wa kwanza kupona utotoni. Ndiyo sababu akapewa jina la Farka, yaani punda, mnyama mvumilivu asiyechoka.

Baba yake alifariki akiwa katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na familia ikahamia Niafunké. Ukoo wao haukuwa wa wanamuziki, kwani kwa desturi kazi hiyo ilirithiwa na koo maalumu. Hata hivyo, kijana huyo alijifunza mwenyewe ala za uzi mmoja zilizotumika katika ngoma za mizimu ya mtoni.

Mwaka 1956 alimsikia Mguinea Fodéba Keïta akipiga gitaa, naye akatambua kuwa nyuzi sita zaweza kubeba midundo ileile ya kwao. Hakuiacha asili, aliihamishia kwenye ala mpya na kuimba kwa Kisonghai, Kifulani, Kitamasheki na lugha nyingine za nchi yake. Wasikilizaji waliposikia humo bluzi ya Marekani, yeye alisisitiza kuwa mizizi ya muziki huo iko Afrika.

Kabla ya umaarufu alikuwa dereva, kisha fundi mitambo wa Redio Mali mjini Bamako. Albamu ya Talking Timbuktu, aliyorekodi na Mmarekani Ry Cooder, ilimpatia Tuzo ya Grammy. Pamoja na heshima hiyo, alirejea shambani kwake, na albamu ya mwaka 1999 ilirekodiwa hukohuko Niafunké kwa umeme wa jenereta.

Mwaka 2004 wananchi walimchagua kuwa meya. Alitumia fedha zake mwenyewe kutengeneza barabara, kujenga mifereji ya majitaka na kuleta umeme.

Februari 2006 alipata Grammy nyingine, pamoja na mpiga kora Toumani Diabaté. Mwezi uliofuata alifariki Bamako kwa saratani ya mifupa, akazikwa Niafunké, katika ardhi aliyoilima na kuiimba.