Ernst May, Mjenzi Aliyelitii Jua

Ernst May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha tangu 1925 hadi 1930 aliongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini kwao, kila nyumba ikipata mwanga na hewa.

Utawala wa Hitler ulipomzuia kurejea kwao, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, baadaye akafungua ofisi Nairobi. Vita vya Pili vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa raia wa nchi adui. Hata hivyo, mwaka 1945 alikabidhiwa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala. Aliufuata mwinuko wa vilima. Lakini mpango huo ulitenga makazi kwa rangi za watu, na hiyo ndiyo doa yake. Jengo la Makumbusho ya Uganda, lililofunguliwa 1954, ni kazi yake. Alifariki dunia mwaka 1970.

Askari alindaye mpaka wa Busia na Tororo ajua jinsi bati liwakavyo adhuhuri. Karibu na ikweta, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, upande wa mawio na machweo uwe mfupi, na hewa ipite chini ya paa. Wazee wa Sop Sop walioezeka kwa nyasi nene walilijua joto hilo zamani. Mwenye kujenga banda la askari na awaige, kwani mlinzi asiyelala vema hakeshi vema.