Mekatilili wa Menza na Majina Yetu

Alipozaliwa aliitwa Mnyazi. Menza ni babake. Mekatilili ni jina alilopata baada ya kujifungua: mama yake Katilili, kama ilivyo desturi yetu Wagiriama. Jina moja, vizazi vitatu, na fomu za serikali hazina nafasi ya yote hayo.

Mwaka 1913 Waingereza walidai kodi ya nyumba na kutaka vijana wetu wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Mekatilili, wakati huo mjane na mtu mzima, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Kaya Fungo wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Oktoba alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali magharibi mwa Kenya. Mapema 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. (Sisi tunaolalamikia basi la usiku kutoka Nairobi tunyamaze.) Alikamatwa tena, na Agosti hiyo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Alirudi nyumbani 1919. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Katika kikao chetu cha kamati tuliulizana nani anaweza kumtaja baba wa babu yake. Waliojibu walikuwa wachache. Kwa hiyo tumetenga sehemu ya mchango wa mwaka huu kwa kazi ya kuwatembelea wazee kijiji kwa kijiji na kuandika majina ya waliowazaa. Kila shilingi itaonekana kwenye hesabu za Desemba.