TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mjane wa Siyu na dua aliyoitunga mwenyewe



Ndugu yangu, dada yangu, swaumu makbul. Leo naongea na wewe ambaye Ramadhani hii kuna mtu hayupo kwenye mkeka wa futari. Mwaka jana alikuwepo, akiokota tende akikupa na wewe. Mwaka huu bakuli lake limo kabatini na hakuna anayethubutu kulitoa.

Juzi baada ya tarawehe mmoja wetu alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Akanieleza kwamba tangu mazishi anasali, anafunga, dua za kitabuni anazijua zote. Ila akinyanyua mikono peke yake usiku, hana la kusema. Ulimi umefungwa. Na kinachomtisha zaidi ni kwamba anaona labda imani yake imepungua.

Nilimjibu kwa maisha ya mama mmoja wa pwani yetu, na leo nakusimulia na wewe. Jina lake unalijua: Mwana Kupona binti Mshamu. Wengi wetu tumemsoma shuleni, na akina mama wamemsikia kwenye nasaha za bibi harusi. Tunamjua kama mama aliyemfundisha binti yake adabu za ndoa. Basi. Tunaishia hapo. Lakini utendi wake hauishii hapo, na kule tunakoacha kusoma ndiko liliko jibu la yule ndugu yetu.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Muhammad Is-haka, mtawala wa Siyu, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Siyu ni mji mdogo katika kisiwa hichohicho cha Pate, lakini wakati ule haukuwa mji wa kuchezewa. Bwana Mataka alimkatalia Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, kwa miaka mingi, na majeshi yaliyotumwa kumtiisha yalirudi yameshindwa. Kwa hiyo usidhani mama huyu aliishi maisha ya kulala usingizi mtulivu. Alikuwa mke wa mtu wa vita, na kila jahazi la ugeni likionekana baharini huenda lilikuwa na habari mbaya.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwana Kupona akabaki mjane na watoto wawili, binti yake Mwana Hashima na mwanawe Muhammad. Kisha yeye mwenyewe akashikwa na maradhi, yakamkalia mwaka mzima. Hapo ndipo alipomwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi, akaanza kutunga. Ilikuwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858.

Sasa simama kidogo hapa, tuhesabu pamoja. Mume amekufa 1856, utendi umetungwa 1858. Matanga yamekwisha zamani. Eda ya miezi minne na siku kumi imekwisha zamani. Majirani wamerudi kwenye shughuli zao. Na bado mama huyu anamwambia binti yake waziwazi kwamba tangu siku ile hajanyamaza kulia kila akikumbuka mazoea yao. Anasimulia walivyoishi kwa furaha na kuheshimiana, na jinsi mumewe alivyomkariria radhi zake kabla ya kuondoka. Hajifanyi shujaa. Hamfichi mtoto machozi.

Je, huo ni upungufu wa imani? Hasha. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na malalamiko yake aliyapeleka kwa Mola wake peke yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Tulichokatazwa ni kupiga mashavu, kuchana nguo na kuilaumu kadari. Machozi hatukukatazwa.

Lakini Mwana Kupona hakubaki kwenye machozi tu. Baada ya nasaha kwa binti yake, utendi unageuka. Anaacha kuongea na mtoto, anaongea na Mola. Na haongei kwa maneno ya kuazima peke yake. Anachukua kile alichokijua vizuri, yaani beti za mistari minne na kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti, kwa lugha ya nyumbani kwake, akakigeuza kuwa mikono ya kuombea. Anaomba kwa haki ya Mtume na Qurani. Anawataja watoto wake, ndugu zake na jamaa zake, anawakabidhi kwa Mwenyezi Mungu kama mtu anayeweka amana kwa mwaminifu. Anaomba aondolewe ugonjwa. Anaomba msamaha. Na anapofika mwisho na kujitambulisha, anajieleza kuwa ni mtu mwenye huzuni na dhambi nyingi, anayetumaini kwamba Mola atamghufiria. Halafu anawausia wanawake wausome.

Yote hayo yako ndani ya kazi moja: huzuni, nasaha, dua, jina lake na tarehe. Hakusubiri huzuni iishe ndipo aombe. Huzuni yenyewe ndiyo aliyoitungia dua.

Tuseme ukweli pia. Ugonjwa ule haukuondoka. Mwana Kupona alifariki miaka michache tu baadaye, kiasi cha mwaka 1860. Ukitazama kwa haraka utasema dua haikujibiwa. Lakini binti aliyekabidhiwa aliishi mpaka akaingia karne ya 20, mwanamke mzee anayeheshimiwa, na utendi wa mama yake haukupotea. Uliandikwa na kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu, ukahifadhiwa vifuani, na mwaka 1934 ukachapishwa kitabu. Leo, zaidi ya miaka 160 tangu atunge, kuna Muislamu mahali fulani anausoma na kumwombea rehema. Sisi tunaomba tukilenga kitu kimoja, na Mola anatoa kutoka mlango tusiouangalia.

Ndugu yangu, labda utasema wewe si mshairi. Sawa, Mola hakukuuliza vina. Wewe unajua kushona? Unajua kupika? Ni fundi, ni dereva, ni mwalimu? Ongea na Mola kwa maneno unayoongea nayo kila siku. Ndani ya sala ya faradhi shika ulichofundishwa. Dua za Qurani na za Mtume ndizo msingi, usiziache. Lakini nje ya sala mlango uko wazi, na Mola anaelewa Kiswahili chako, Kibajuni chako, Kigiriama chako.

Leo jioni, robo saa kabla ya magharibi, acha simu, acha bhajia zikaangwe na mtu mwingine. Kaa peke yako. Mhimidi Mola, mswalie Mtume. Kisha mtaje marehemu wako kwa jina lake. Mwambie Mola jambo moja unalomkumbuka nalo, hata likiwa dogo kama namna alivyokuwa akikumenyea chungwa. Machozi yakija, yaache yaje. Halafu mwombee rehema, wakabidhi waliobaki, mmoja mmoja, na mwisho jiombee wewe. Ukiweza, andika kwenye karatasi. Kesho utaongeza mstari, na keshokutwa mwingine. Mpaka Idi utakuwa na dua yako, na huenda siku moja wanao wataisoma kukuombea wewe.

Yule ndugu yetu wa juzi alinitumia ujumbe jana usiku. Amepata mistari mitatu. Alhamdulillah, ni mwanzo.

Ewe Mola, mrehemu Mwana Kupona na mumewe, warehemu wazazi wetu, wenza wetu na watoto wetu waliotutangulia. Zifungue ndimi zilizofungwa na huzuni, na utukutanishe nao pahali pasipo kuagana. Amin.

Futari njema. Mtumie na mwenzio aliyefiwa, huenda ndiye anayeihitaji leo.