Woodrow Wilson: Mwalimu aliyeshindwa na maneno yake

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili, tulitakiwa kukariri zile nukta 14 za amani ambazo Rais Woodrow Wilson wa Marekani alizitangaza tarehe 8 Januari 1918. Nilizikariri zote, nikaziandika katika mtihani na kutuzwa alama nzuri. Sikujiuliza hata siku moja zilimhusu nani. Ilipita miaka mingi, nami nikawa mhadhiri wa isimu, ndipo mwanafunzi wangu mmoja aliponiuliza darasani iwapo neno watu lina maana ileile kwa kila anayelitamka. Swali hilo lilinirejesha kwa Wilson, na ningependa wasomaji wangu, hasa walimu na wanafunzi, tulitafakari pamoja.

Bwana huyu anatuhusu sisi walimu kuliko marais wengine wa nchi yake kwa sababu alikuwa mwenzetu. Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856 mjini Staunton, katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian. Utoto wake aliupitisha Kusini mwa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika jamii iliyouona utumwa kuwa jambo la kawaida. Alichelewa kujua kusoma, jambo ambalo lafaa likumbukwe na kila mwalimu aliye mwepesi wa kumkatia tamaa mtoto mzito. Hata hivyo, alihitimu Princeton mwaka 1879, na mwaka 1886 akatunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Hadi leo hakuna rais mwingine wa Marekani aliyewahi kuwa na shahada hiyo. Alifundisha katika vyuo vya Bryn Mawr na Wesleyan, kisha akarudi Princeton, ambako mwaka 1902 alifanywa mkuu wa chuo.

Kutoka darasani alirukia siasa. Mwaka 1910 alichaguliwa kuwa gavana wa New Jersey, na miaka miwili tu baadaye akachaguliwa kuwa Rais. Ushindi huo ulisaidiwa na mgawanyiko wa wapinzani wake wa chama cha Republican, ambao kura zao ziligawanywa baina ya William Taft na Theodore Roosevelt.

Haifai tumnyime haki yake. Wilson alikuwa mleta mageuzi wa kweli. Mwaka 1913 alikwenda mwenyewe kulihutubia Bunge la nchi yake, desturi iliyokuwa imeachwa kwa zaidi ya miaka 100. Katika mwaka huohuo ushuru wa bidhaa za kigeni ulipunguzwa, kodi ya mapato ikawekwa, na benki kuu ya nchi ikaundwa ili fedha za taifa zisiendelee kuchezewa na mabwanyenye wachache. Mwaka 1914 iliundwa tume ya kuyachunga makampuni makubwa yaliyozoea kuwanyonga wafanyabiashara wadogo. Mwaka 1916 alitia sahihi sheria iliyowapa wafanyakazi wa reli siku ya kazi ya saa nane, na nyingine iliyolenga kukomesha ajira ya watoto viwandani, ijapokuwa hii ya pili ilibatilishwa na mahakama mwaka 1918.

Lakini mageuzi hayo yalikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulichorwa kwa rangi ya ngozi. Chini ya serikali yake, Wamarekani weusi waliokuwa wakifanya kazi katika wizara ya fedha na idara ya posta walitengwa na wenzao weupe. Kuanzia mwaka 1914, walioomba kazi serikalini walitakiwa kuambatisha picha zao. Mwaka huohuo William Monroe Trotter, mhariri wa gazeti kutoka Boston, aliongoza ujumbe wa kumkabili Rais. Wilson alighadhibika. Alikerwa na namna Trotter alivyozungumza naye, akauvunja mkutano. Kama mwanaisimu, kisa hiki hunisumbua mno. Msomi huyo aliyebobea katika ufasaha alipewa hoja, akajibu kwa kulalamikia sauti ya mtoa hoja. Ni walimu wangapi kati yetu tusiofanya hivyo?

Ng'ambo nako mambo yalikuwa yayo hayo. Wilson alihubiri heshima kwa mataifa madogo, lakini mwaka 1914 askari wake waliuteka mji wa bandari wa Veracruz huko Mexico. Mwaka 1915 waliingia Haiti, wasitoke hadi 1934. Mwaka 1916 waliikalia Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1917 visiwa vya Virgin vilinunuliwa kutoka kwa Denmark kwa dola milioni 25. Kweli, alitia sahihi pia sheria ya mwaka 1916 iliyowaahidi Wafilipino uhuru, ila tarehe ya uhuru wenyewe haikutajwa.

Vita Vikuu vilipozuka Ulaya mwaka 1914, aliitangaza nchi yake kuwa haina upande. Nyambizi ya Wajerumani iliizamisha meli ya Lusitania mwezi Mei 1915, wakafa watu karibu 1,200, wakiwemo Wamarekani 128, naye bado akajizuia. Alichaguliwa tena mwaka 1916 wafuasi wake wakijivunia kwamba amewaepusha na vita. Mapema mwaka 1917 Wajerumani walirudia kuzishambulia meli zote bila kuchagua, na ikafichuka kwamba walikuwa wakiirai Mexico ijiunge nao dhidi ya Marekani. Tarehe 2 Aprili 1917 Wilson alifika mbele ya Bunge kuomba idhini ya kupigana. Vita vilitangazwa siku nne baadaye. Miongoni mwa wabunge 50 waliopinga alikuwamo Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo.

Wilson aliwaeleza raia wake kwamba wanakwenda kuipigania demokrasia. Askari wapatao milioni mbili walivushwa hadi Ufaransa. Nyumbani, hata hivyo, sheria za mwaka 1917 na 1918 ziliwatia gerezani waliosema dhidi ya vita. Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa miaka kumi kwa sababu ya hotuba, na Wilson akakataa katakata kumsamehe hata vita vilipokwisha.

Sasa turejee kwenye zile nukta 14. Ya tano ilitaja makoloni, ikitaka maslahi ya wenyeji yapewe uzito sawa na madai ya watawala. Mwezi uliofuata Wilson alizungumza hadharani juu ya haki ya mataifa kujiamulia mambo yao. Neno likishatoka kinywani halina mwenyewe. Alikusudia Wapoland, Wacheki na wenzao wa Ulaya, lakini waliomsikia walikuwa wengi zaidi. Wakorea waliandamana mwezi Machi 1919. Wamisri waliinuka wakidai uhuru. Kijana wa Kivietnamu aliyekuja kujulikana baadaye kama Ho Chi Minh alipeleka maombi mjini Paris. W.E.B. Du Bois aliitisha huko huko Kongamano la Waafrika. Wote walikuwa wamelichukua neno watu kwa maana yake kamili.

Hawakujibiwa. Marekani iliutambua utawala wa Uingereza juu ya Misri. Aprili 1919 Japani ilipopendekeza usawa wa mataifa uandikwe katika mkataba wa Ushirika wa Mataifa, wengi wa wajumbe waliunga mkono, lakini Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, aliamua kwamba jambo hilo lilihitaji kukubaliwa na wote. Likaangushwa hivyo.

Na sisi je? Siku ile Wilson alipokuwa akizisoma nukta zake, wapagazi wa Kiafrika walikuwa bado wanayabeba mizigo ya Waingereza, wakimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kumbukumbu yao tuliyoihifadhi ni jina la mtaa: Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, jina la kikosi cha wapagazi likiwa limetoholewa kutoka Kiingereza. Amani ilipokuja, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza chini ya udhamini wa Ushirika wa Mataifa, kwa hoja kwamba wenyeji hawajaweza kusimama peke yao. Hapa kwetu, mwaka 1920, himaya iligeuzwa koloni. Hakuna mpagazi aliyeulizwa anataka kujiamulia nini.

Wilson mwenyewe hakufaidi kazi yake. Seneti ya nchi yake iliukataa mkataba wa Versailles, naye alipokuwa akizunguka kuutetea alidhoofika, akapatwa na kiharusi kibaya mwezi Oktoba 1919. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1919, lakini nchi yake haikujiunga kamwe na ushirika alioubuni. Alifariki tarehe 3 Februari 1924. Mwaka 2020 Princeton, chuo alichokipenda, kililiondoa jina lake kwenye shule yake ya masuala ya umma kwa sababu ya ubaguzi wake.

Je, tuyatupe maneno yake pamoja naye? Sidhani. Udhamini ule, pamoja na dhuluma yake, ulirithiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1955 Julius Nyerere, mwalimu mwingine, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kuidai haki ya Tanganyika kujitawala. Alilichukua neno lililosemwa kwa ajili ya wengine, akalidai kwa ajili ya watu wake.

Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Wilson alinena vizuri kupita wengi, na ufasaha wake ndio unaomhukumu. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, tusiwakaririshe wanafunzi wetu nukta 14 kama tulivyokaririshwa sisi. Tuwafunze kuuliza, kila wanapomsikia kiongozi akitaja watu, umma au wananchi, ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa nje. Na anayeuliza kwa sauti kali, tusimfukuze darasani.