Padri Albert Joubert, mtoto wa Tanganyika aliyeuawa Fizi pamoja na wamisionari

Tarehe 18 Agosti 2024 mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri watu wanne waliouawa siku moja huko Baraka na Fizi. Watatu walitoka Italia, wamisionari Waxaveri: padri Luigi Carrara, padri Giovanni Didonè na bruda Vittorio Faccin. Wa nne, padri Albert Joubert, alikuwa mtoto wa ziwa hili hili, na maisha yake yanastahili kusimuliwa zaidi.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 huko Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwenyeji wa kule. Baba yake, Ludovic Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa huko Roma, kisha akaja kulinda misioni za Mapadri Weupe. Kuanzia 1887, akiwa Mpala, aliwafundisha vijana wa vijijini kutumia bunduki ili kuwazuia wakamata watumwa, watu wa Rumaliza wa Ujiji. Wengi walikimbilia kwake. Alifariki 1927, Albert akiwa na miaka 18.

Mtoto hakufuata njia ya bunduki. Aliingia seminari, akapewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935. Ikumbukwe kwamba serikali ya Wabelgiji iliwapanga watu kwa rangi ya ngozi, na mtoto wa baba mzungu na mama mwafrika hakuwa na nafasi ya wazi upande wowote. Wengi wa namna hiyo walinyang'anywa mama zao na kulelewa mbali. Albert alikuwa na bahati: wazazi wake walikuwa wamefunga ndoa kanisani tangu 1888.

Miaka karibu 30 alifanya kazi ya upadri mashariki mwa Congo. Mwishoni alikuwa Fizi, katika jimbo katoliki la Uvira lililoanzishwa mwaka 1962 na kuongozwa na askofu Danilo Catarzi.

Mei 1964 waasi wa Mulele waliteka Uvira. Askofu na wamisionari wake walishikwa mateka mpaka Oktoba, mji ulipokombolewa na jeshi pamoja na mamluki. Lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi, na mapadri wa huko waliendelea kuwahudumia waamini. Injili ya Yohana, sura ya 10, inamtofautisha mchungaji na mtu wa mshahara kwa alama moja: ni nani anayekimbia mbwa mwitu anapokuja. Waitalia walikuwa na Ulaya ya kurudia. Joubert je? Kwake yeye, kuliacha ziwa kungekuwa kuacha kwao.

Tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo. Hasira dhidi ya wazungu ikapanda katika maeneo yote ya waasi. Siku nne baadaye, gari la jeep lenye waasi wakiongozwa na Abedi Masanga lilifika misioni ya Baraka. Bruda Faccin aliamriwa kupanda, akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara, aliyekuwa akisikiliza maungamo kanisani, aliamriwa naye kupanda. Alichagua kufa kando ya mwenzake, akapiga magoti pale, nao wakamuua.

Kutoka hapo gari likapanda Fizi. Giza lilikuwa limeingia. Padri Didonè ndiye aliyefungua mlango alipobishiwa hodi, akapigwa risasi palepale. Padri Joubert aliuawa baada yake. Kwa waliomfuata mpaka Fizi, damu ya baba yake ilitosha kumhesabu pamoja na wazungu. Faccin alikuwa na miaka 30, Carrara 31, Didonè 34. Joubert, mkubwa wao, alikuwa na 56.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, sista Anuarite aliuawa Isiro katika vita hivyo hivyo. Yeye alitangazwa mwenyeheri mwaka 1985. Wanne wa Baraka na Fizi walisubiri miaka 39 zaidi.