Pellegrino Artusi, mfanyabiashara wa hariri aliyewaachia Waitalia sosi ya tomati ya kila siku

Robo ya kitunguu, punje moja ya kitunguu saumu, kipande cha seleri chenye urefu wa kidole, majani machache ya baziliki, persili ya kutosha, mafuta, chumvi na pilipili manga. Kisha tomati 7 au 8 zilizokatwakatwa. Vyote vinaingia ndani ya sufuria kwa mara moja, vinakaa juu ya moto na kukorogwa mara kwa mara, hadi sosi inakuwa nzito kama krimu. Mwisho inapitishwa kwenye chujio. Hakuna kukaanga kwanza, hakuna nyama, hakuna hata tone la maziwa.

Hiyo ni nambari 125 katika kitabu kinachokaa jikoni mwa Waitalia tangu mwisho wa karne ya 19. Aliyekiandika hakuwa mpishi. Pellegrino Artusi alikuwa mfanyabiashara wa hariri, mtu wa hesabu na banki, ambaye hakuoa. Kitabu kilipotoka, alikuwa amekwisha fikisha miaka 70.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1820 huko Forlimpopoli, mji mdogo wa Romagna, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja, na Romagna ilikuwa chini ya utawala wa Papa wa Roma. Baba yake, Agostino, alikuwa mwenye duka aliyefanikiwa, na kijana alifuata biashara ya nyumbani. Kama mambo yangekwenda jinsi familia ilivyopanga, huenda angezeeka nyuma ya meza ya duka lile na leo asingejulikana na mtu.

Usiku wa tarehe 25 Januari 1851 ulibadilisha yote. Watu wenye mali wa Forlimpopoli walikuwa wamekaa katika ukumbi wa michezo, ndani ya ngome ya zamani katikati ya mji. Pazia lilipofunguliwa tena baada ya mapumziko, waliosimama jukwaani hawakuwa waigizaji. Walikuwa majambazi wenye bunduki, wakiongozwa na Stefano Pelloni, aliyejulikana sehemu zote za Romagna kwa jina la Passatore. Jambazi huyo alisoma majina ya matajiri mmoja baada ya mwingine, kisha watu wake wakawashika mateka na kuzunguka nao mjini, nyumba kwa nyumba, wakidai pesa na vito.

Nyumba ya Artusi ilikuwa katika orodha. Mlango ulifunguliwa kwa hila, na majambazi wakaingia. Walichukua mali, lakini hasara ya mali haikuwa kitu mbele ya lile lililompata dada yake, Gertrude. Alishambuliwa usiku ule, na akili yake haikurudi tena. Alimalizia maisha yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pesaro.

Passatore mwenyewe aliuawa Machi ya mwaka ule ule. Kwa familia ya Artusi, jambo hilo halikurudisha chochote. Wazazi waliuza walivyoweza kuuza na kuhamia Firenze, mji ambao wasomaji wa Kifaransa wanaujua kwa jina la Florence. Pellegrino alikuwa na miaka 30. Aliingia Firenze kama watu wengi wanavyoingia katika mji mkubwa baada ya vurugu: akiwa na wazazi wanaozeeka, dada wanaongoja kuolewa, na biashara ya kuanza upya.

Alifanya kazi kwanza Livorno, mji wa bandari, katika nyumba ya biashara, kisha akafungua biashara yake mwenyewe ya hariri Firenze. Habari moja ya miaka hiyo aliisimulia baadaye katikati ya kitabu cha mapishi, na inaonyesha aina ya mwandishi aliyekuwa. Mwaka 1855, kipindupindu kilikuwa kinatembea Italia. Artusi alifika Livorno na jioni akaingia katika mgahawa, akala minestrone, yaani supu ya mboga. Usiku tumbo lilimsumbua vibaya, naye akailaani ile supu hadi asubuhi. Alipanda treni ya kwanza kurudi Firenze na akapata nafuu. Siku chache baadaye habari ikafika: kipindupindu kimelipuka Livorno, na mtu wa kwanza kufa alikuwa mwenye nyumba aliyompangisha chumba. Supu haikuwa na kosa. Baada ya kusimulia hayo, anaendelea bila wasiwasi kumwambia msomaji jinsi ya kupika minestrone.

Biashara ilimwendea vizuri. Alipokaribia miaka 50 alikuwa na mali ya kutosha kuacha kazi. Dada zake waliolewa, wazazi walifariki, naye akabaki katika nyumba nzuri kwenye uwanja wa Massimo d'Azeglio. Alitaka kuwa mtu wa fasihi. Mwaka 1878 alitoa kitabu juu ya maisha ya mshairi Ugo Foscolo, halafu kingine chenye maelezo ya barua za mshairi Giuseppe Giusti. Alivilipia mwenyewe, na wasomaji hawakujitokeza.

Ndani ya nyumba ile waliishi watu watatu na paka wawili. Francesco Ruffilli, mtumishi, alitoka Forlimpopoli kama bwana wake. Marietta Sabatini, mpishi, alitoka Massa e Cozzile, katika jimbo la Toscana. Paka waliitwa Biancani na Sibillone, na chapa ya kwanza ya kitabu ilitolewa kwa heshima yao. Artusi alikuwa anasikia chakula kizuri kwa rafiki, katika mgahawa au safarini, anaandika maelezo yake, kisha Marietta na Francesco wanakipika. Kikiharibika, kinarudiwa. Yeye alionja, akapima, akaandika. Ni vigumu leo kusema ni wapi mkono wa Artusi unaishia na ule wa Marietta unaanzia. Walau mara moja mzee mwenyewe alikiri: keki moja katika kitabu ina jina la Marietta, na ameandika kwamba mama huyo ndiye aliyemfundisha.

Mwaka 1891 kitabu kilikuwa tayari, chenye mapishi 475 na jina refu, La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, yaani elimu ya jikoni na ufundi wa kula vizuri. Rafiki yake mmoja, profesa wa fasihi kutoka Verona, alikisoma na kumtabiria kwamba hakitanunuliwa. Masharti ya wachapishaji hayakumpendeza. Basi akatoa pesa zake tena, na mchapaji Salvatore Landi wa Firenze akatoa nakala 1.000.

Pigo lililomuuma zaidi lilitoka nyumbani. Forlimpopoli ilikuwa inaandaa bahati nasibu ya kusaidia maskini, naye akatuma nakala 2 ziwe zawadi. Waliozishinda walizicheka na kwenda kuziuza kwa muuza tumbaku. Kila anayejua kazi ya muuza tumbaku wa zamani anajua pia kazi ya kurasa za kitabu dukani mwake. Artusi hakulificha jambo hilo. Aliliandika mwanzoni mwa chapa za baadaye, akilinganisha maisha ya kitabu chake na yale ya Cenerentola, msichana wa hadithi aliyedharauliwa kabla ya kwenda ikulu.

Miaka 4 ilipita kabla ya chapa ya pili. Kisha mwendo ukabadilika. Mwanasayansi Paolo Mantegazza, mtu maarufu wakati huo, alikisifu mbele ya watu na kumtakia chapa 100. Mshairi Olindo Guerrini alimwandikia kumweleza jinsi watu wa Romagna walivyokipokea. Kitabu kiliagizwa kwa posta, moja kwa moja nyumbani kwa mwandishi, na hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea: wanunuzi walianza kumjibu.

Barua zilikuja kutoka pande nyingi za Italia, nyingi zikiwa za wanawake wanaoongoza jiko la nyumbani. Mmoja aliuliza kwa nini unga haukuumuka. Mwingine alisahihisha kipimo. Mwingine alituma chakula cha kwao ambacho mzee hakuwa amekisikia. Artusi alisoma, akawapa Marietta na Francesco wajaribu, na kilichofaulu kikaingia katika chapa iliyofuata. Hivyo mapishi 475 yakawa 790 katika chapa ya 14, ya mwisho kutoka akiwa hai.

Makaroni yanaeleza vizuri jinsi kitabu kilivyofanya kazi. Tomati ilifika Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16, na ilichukua muda mrefu kukutana na makaroni katika sahani moja. Huko Napoli, Ippolito Cavalcanti alikuwa amekwisha andika juu ya vermicelli na tomati mwaka 1839. Lakini Italia, iliyokuja kuungana mwaka 1861, ilikuwa na majiko mengi yasiyojuana. Mama wa Bologna hakuwa na njia rahisi ya kujua mwenzake wa Napoli anapika nini jioni.

Artusi aliweka njia 2 za makaroni ya Napoli. Ya kwanza aliipata kutoka familia moja ya Santa Maria Capua Vetere, na anakiri kwamba alisita sana kabla ya kuijaribu. Ina kipande cha nyama ya ng'ombe kinachojazwa vitu ndani na kupikwa kwa muda mrefu. Ni chakula cha siku ya Mungu, kwa mwenye nafasi. Ya pili ni rahisi zaidi, naye anamshauri msomaji aijaribu. Kwa gramu 300 za makaroni marefu, vipande 2 vikubwa vya kitunguu vinakaangwa katika siagi na mafuta mpaka vinabadilika rangi vizuri. Kisha vinakamuliwa kwa mwiko na kutupwa. Kinachobaki ni ladha yake ndani ya mafuta. Humo zinaingia gramu 500 za tomati zilizomenywa na kutolewa mbegu, pamoja na baziliki, chumvi na pilipili manga. Maji ya tomati yakikauka na sosi kushikana, inamwagwa juu ya makaroni yaliyochemshwa, pamoja na siagi mbichi na fromaji ya Parma iliyokwaruzwa.

Siagi hiyo ya mwisho isiyopita kwenye moto ndiyo siri. Ikikutana na makaroni ya moto, fromaji na tomati nzito, inayeyuka na kuifanya sosi iwe laini, ya kushika kila uzi. Hata kwa sosi ile ya nambari 125 anatoa ushauri wa namna hiyo: inapendeza juu ya makaroni yaliyokwisha tiwa fromaji na siagi. Kumimina krimu ya maziwa ndani ya tomati, jinsi migahawa mingi inavyofanya leo, ni mazoea yaliyokuja baadaye. Mpishi anayerudi kazini amechoka anaweza kuyaacha bila kupoteza kitu. Jambo la kutofanyia haraka ni kupunguza maji ya tomati. Sosi ikitolewa mapema, siagi itaelea juu na maji yatabaki chini ya sahani.

Mzee alikuwa na namna yake ya kuingiza watu jikoni. Kabla ya kutaja kitunguu cha sosi hiyo, anasimulia habari ya padri mmoja wa Romagna aliyeingiza pua katika mambo ya kila nyumba. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema na mara nyingi alisaidia, watu walimwacha, lakini walimpa jina la Padri Tomati, kwa sababu tomati nayo inaingia kila mahali.

Alikuwa na vita vyake pia. Wakati huo jiko la wakubwa wa Italia liliongea Kifaransa, na vitabu vingi vya mapishi vilijaa maneno ambayo mama wa kawaida hakuyaelewa. Artusi aliandika kwa Kiitaliano cha Toscana kinachosomeka, na sosi ya béchamel kwake ikawa balsamella. Mwaka 1970 mtaalamu wa fasihi Piero Camporesi alitoa chapa mpya ya kitabu hicho, akieleza kwamba kiliwaunganisha Waitalia kuliko hata riwaya kubwa ya Manzoni waliyoisoma shuleni. Sifa hiyo ina haki yake, ila ina mipaka. Kitabu kinaijua Romagna na Toscana kuliko sehemu nyingine. Kusini mwa nchi kunaonekana kidogo tu, na mikoa mingine karibu haimo. Pia kiliandikiwa nyumba zenye uwezo wa kununua siagi na nyama, wakati wakulima wengi wa Italia walikuwa wanaishi kwa polenta.

Pellegrino Artusi alifariki Firenze mwishoni mwa Machi 1911, akiwa na miaka 90, na alizikwa juu ya kilima cha San Miniato. Wosia wake uliposomwa, ilionekana kwamba haki za kitabu, pamoja na pesa zote ambazo kingeendelea kuingiza, alikuwa amewaachia Marietta na Francesco. Sehemu kubwa ya mali iliyobaki aliipa Forlimpopoli, mji ule ambamo dada yake alipoteza akili na vitabu vyake viliuzwa kwa muuza tumbaku.

Kila mwaka Forlimpopoli inafanya sikukuu ya chakula yenye jina lake, na wakati huo inatolewa zawadi kwa wapishi wa nyumbani, wasiofanya kazi ya mgahawa. Zawadi hiyo inaitwa Marietta. Tangu mwaka 2007, katika jengo la zamani la watawa mjini humo, kuna Casa Artusi, nyumba yenye maktaba, mgahawa na shule ya mapishi. Ngome ya usiku ule wa Januari bado imesimama katikati ya mji, na ndani yake bado kuna ukumbi wa michezo.